Kisima cha Kilimo Kipimwe Chumvi, si Wingi wa Maji Tu

Naomba unipatie nafasi katika gazeti lako la umma ili nami nitoe maoni yangu juu ya jambo linalowagusa wakulima wengi wa mikoa ya kati, nalo ni ubora wa maji ya visima tunavyochimbiwa kwa ajili ya kumwagilia mashamba. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika Wilaya ya Bahi, Mkoa wa Dodoma. Si mtaalamu wa maji wala wa udongo. Hata hivyo nimefundisha sayansi tangu nilipotoka chuo cha ualimu, na ninaishi kati ya wakulima. Ninayoyaeleza hapa ni yale niliyoyaona kijijini pamoja na yale niliyoyasoma katika vitabu vya wataalamu wenyewe.

Kwanza kabisa, sina budi kuipongeza Serikali. Mkoa wetu hupata mvua ya kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, nayo hunyesha katika msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hadi Aprili. Miezi inayobaki ni ya jua na upepo. Kwa hiyo kila mwenye akili timamu ataunga mkono juhudi za kumchimbia mkulima mdogo kisima ili aweze kulima wakati wa kiangazi. Barua hii haipingi visima. Inaomba visima hivyo visije vikatuachia mashamba yasiyoota kitu.

Ndugu Mhariri, tukumbuke tulikotoka. Mwaka 1971 nchi yetu ilianza mpango wa miaka 20 wa maji vijijini. Shabaha yake ilikuwa kwamba ifikapo mwaka 1991 kila mwananchi awe na maji safi katika umbali usiozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake. Swali kubwa la wakati ule lilikuwa: maji yako umbali gani? Baadaye, visima vilipoanza kutumika kwa kilimo, swali likawa: kisima kinatoa lita ngapi kwa saa? Maswali yote mawili yalikuwa ya haki. Lakini liko swali la tatu ambalo mpaka leo haliulizwi vya kutosha: maji hayo ni maji gani, na yanafaa kwa zao gani, katika udongo gani? Hilo ndilo ninaloliandikia.

Nitatoa mfano wa kijijini kwetu. Kikundi kimoja cha wakulima kilipatiwa kisima kirefu. Mitambo ilikuja, maji yakapatikana kwa wingi, watu wakapiga vigelegele. Mkandarasi alipima wingi wa maji, akakabidhi pampu, akaondoka. Wanakikundi waliuliza kama maji yamepimwa, wakajibiwa kuwa yamepimwa na yanafaa. Wakakopa fedha, wakanunua mbegu za vitunguu na maharage, wakapanda.

Msimu wa kwanza mazao yalikuwa ya wastani. Msimu wa pili majani ya maharage yalianza kuungua pembeni kama yaliyopitiwa na moto, vitunguu vikawa vidogo kama vya mbegu, na juu ya matuta pakatokea unga mweupe. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Wengine walimlaumu muuza mbegu. Wengine walimlaumu bwana shamba. Wengine walilaumiana kwamba fulani hamwagilii zamu yake ipasavyo. Hawakukosekana hata waliosema kuna mkono wa mtu. Vijana wawili waliokuwa nguvu ya kikundi wakaondoka kwenda mjini kuendesha bodaboda, na deni likabaki kwa akina mama.

Mwishowe kikundi kiliamua kupeleka chupa ya maji maabara. Majibu yaliporudi, jambo likawa wazi. Kipimo cha upitishaji umeme kilikuwa mikrosimensi 2,300 kwa sentimita. Naomba wasomaji wanivumilie nieleze maana yake, kwa sababu hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu.

Maji matupu yasiyo na kitu ndani yake hupitisha umeme kwa shida sana. Chumvi ikiyeyuka ndani yake, umeme hupita. Kadiri chumvi inavyozidi, ndivyo umeme unavyopita kwa urahisi. Kwa hiyo wataalamu hutumbukiza kifaa kidogo katika maji, wakasoma namba, wakajua kiasi cha chumvi yote kwa pamoja. Kazi hiyo haichukui hata dakika tano. Katika mwongozo wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, uliotolewa mwaka 1976 na kurekebishwa mwaka 1985, maji yaliyo chini ya mikrosimensi 700 hayana tatizo la chumvi kwa mazao. Kati ya 700 na 3,000 yanataka tahadhari. Yakizidi 3,000, tahadhari iwe kubwa sana.

Sasa tazama jambo la kushangaza. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa maji ya kunywa ya asili kinaruhusu hadi mikrosimensi 2,500. Maana yake maji ya kisima chetu, yenye 2,300, yanakubalika kwa kunywa upande wa chumvi. Aliyesema kuwa yamepimwa na yanafaa hakusema uongo. Yanafaa kwa binadamu kunywa! Lakini kwa mujibu wa mwongozo huo wa FAO, maharage huanza kupungua mavuno maji yakipita mikrosimensi 700, na yakifika 2,400 mavuno huwa yamebaki nusu. Kwa hiyo maji anayoyanywa mkulima bila kudhurika yanaweza kumla nusu ya shamba lake la maharage. Kupima maji kwa ajili ya kunywa si kupima maji kwa ajili ya kilimo. Ni vipimo viwili tofauti, kama vile kumpima mtu macho si kumpima damu.

Kinyume chake pia ni kweli. Madini ya floraidi, ambayo katika maji ya kunywa hayatakiwi kuzidi miligramu 1.5 kwa lita kwa sababu huharibu meno na mifupa ya watoto, mara nyingi hayaidhuru mimea kwa kiasi hicho. Kisima kinachokataliwa kwa kunywa huenda kikafaa kwa bustani, na kinachokubalika kwa kunywa huenda kikaua bustani. Basi cheti kimoja hakiwezi kuwatosha wote wawili, mnywaji na mkulima.

Wako watakaosema kwamba mkulima anao ulimi wake, aonje. La hasha! Sisi tuliozaliwa katika nchi hii ya magadi tumezoea maji ya chumvichumvi tangu utotoni, na ng'ombe wetu wanayapenda. Ulimi uliozoea hauwezi kuwa shahidi. Tena zipo chumvi nyingine zisizo na ladha kali ya chumvi ya mezani, nazo ndizo mbaya zaidi kwa udongo, kama nitakavyoeleza.

Je, kwa nini maji ya chini katika sehemu zetu yana chumvi? Si laana. Maji ya mvua hupenya ardhini yakapita katika miamba na udongo kwa miaka mingi, na njiani huyeyusha madini. Penye mvua nyingi, chumvi hizo husukumwa mitoni hadi baharini. Lakini mito mingi ya bonde letu, Bonde la Kati, haifiki baharini. Mto Bubu, kwa mfano, unaishia katika mbuga ya Bahi. Maji yakifika hapo hunyanyuliwa na jua, na chumvi hubaki. Ndiyo maana ziwa Singidani na ziwa Kindai pale Singida yana maji ya chumvi, na ndiyo maana Natron, Eyasi na Manyara ni maziwa ya magadi. Mahali pakiwa tambarare, chini, penye udongo mweusi wa mfinyanzi, chumvi hujikusanya zaidi. Hata hivyo visima viwili vilivyoachana mita mia chache huweza kutofautiana kabisa, kwa sababu kimoja kimegusa mwamba huu na kingine mwamba ule. Kwa hiyo kipimo cha kisima cha jirani si kipimo cha kisima chako.

Wengine watauliza: chumvi kidogo namna hiyo ina madhara gani? Nitawaonyesha kwa hesabu ninayoweza kuwapa wanafunzi wa darasa la saba. Ekari moja ikimwagiliwa kwa msimu mmoja wa kiangazi maji ya kimo cha milimita 500, hutumia kama lita milioni 2. Maji yenye mikrosimensi 2,300 yana chumvi ya kama gramu 1.5 katika kila lita. Zidisha. Utapata karibu tani 3 za chumvi, yaani karibu mifuko 60 ya kilo 50, iliyomwagwa katika ekari moja kwa msimu mmoja! Hakuna mkulima atakayemruhusu mtu kupakua mifuko 60 ya chumvi shambani kwake. Lakini pampu huipakua polepole, kila siku, naye akiishukuru.

Mmea hunywa maji lakini chumvi nyingi huiacha udongoni. Jua nalo hunyanyua maji na kuiacha chumvi juu ya tuta. Ule unga mweupe ndiyo hiyo mifuko inayoanza kuonekana. Kama udongo unapitisha maji vizuri, mvua za masika zinaweza kuisukuma sehemu ya chumvi chini ya mizizi. Kama udongo ni wa mfinyanzi mzito, chumvi haina pa kwenda, na kila mwaka huongezeka juu ya ile ya mwaka uliopita.

Ndugu Mhariri, hapa ningependa nieleweke vizuri. Sisemi kwamba maji ya mikrosimensi 2,300 ni mabaya, yamwagwe. Ubora wa maji ya kilimo si kufaulu au kufeli kama mtihani. Inategemea umepanda nini. Kwa mwongozo uleule wa FAO, mavuno huanza kupungua maji yakizidi viwango vifuatavyo: maharage 700, vitunguu 800, zabibu na pilipili 1,000, mahindi 1,100, kabichi 1,200, nyanya 1,700, mpunga 2,000, kunde 3,300, mtama 4,500 na pamba 5,100. Hesabu hizo ni kwa udongo unaopitisha maji, na mkulima anayemwagilia kiasi cha kutosha kuisukuma chumvi chini.

Tazameni basi. Maharage na kunde ni ndugu wa ukoo mmoja, lakini kunde huvumilia chumvi karibu mara tano zaidi! Kwa maji ya kisima chetu, nyanya zingetoa kama sehemu tisa kati ya kumi za mavuno yake. Kunde na mtama visingepungua kitu. Maharage, ambayo ndiyo kikundi kiliyopanda, yangebaki karibu nusu. Maji hayakuwa adui wa kikundi kile. Kilichokosekana ni karatasi moja yenye namba moja, kabla ya kununua mbegu. Kama karatasi ile ingekuwapo, wangepanda nyanya na kunde, wangelipa deni, na wale vijana wawili huenda wangekuwa kijijini hadi leo.

Lakini wingi wa chumvi ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni aina ya chumvi, nayo inahusu udongo wenyewe. Katika maji mna sodiamu, kalsiamu na magnesiamu. Kalsiamu na magnesiamu husaidia chembe za udongo kushikamana zikawa na matundu ya kupitisha maji na hewa. Sodiamu ikizidi mno kuliko wenzake hao wawili, chembe za mfinyanzi huachana, zikaziba matundu. Udongo ukilowa huwa tope linaloteleza, ukikauka huwa mgumu kama sakafu ya saruji. Maji hutuama juu na chini pamekauka. Mbegu hushindwa kuchomoza. Wataalamu wa maabara ya chumvi ya Marekani iliyoko Riverside, California, walieleza namna ya kulinganisha madini hayo katika kitabu chao cha mwaka 1954, na hesabu yao ingali inatumika duniani pote.

Ubaya wa sodiamu ni kwamba hauondoki kwa kubadili zao. Kunde huvumilia chumvi, lakini kunde haioti ndani ya sakafu. Tena maji yenye chumvi chache kwa jumla lakini yenye sodiamu nyingi ndiyo huharibu udongo upesi zaidi, na ulimi utasema ni matamu. Na kama maji yana bikaboneti nyingi, hiyo hushikana na kalsiamu na kuigeuza chokaa, hivyo sodiamu ikabaki peke yake kutawala. Ndiyo sababu namba moja ya upitishaji umeme haitoshi. Lazima vipimwe pia sodiamu, kalsiamu, magnesiamu, bikaboneti, kloraidi na boroni. Boroni ikipita miligramu 0.7 kwa lita huanza kuyadhuru mazao laini. Kwa wanaotumia mipira ya matone, ipimwe na chuma, kwani chuma ikizidi miligramu 1.5 kwa lita huziba matundu ya mipira ile iliyonunuliwa kwa fedha nyingi.

Wenzetu wa nchi nyingine walikwisha yaona haya. Nchini Pakistan, kuanzia miaka ya 1960, visima virefu vilichimbwa kwa maelfu ili kushusha maji ya chini yaliyokuwa yamepanda na kuleta chumvi mashambani. Sehemu nyingi zilipona. Lakini mahali pengine maji ya visima vyenyewe yalikuwa na sodiamu nyingi, na tiba ikawa ugonjwa mpya. Kama nchi yenye uzoefu wa kumwagilia kwa vizazi vingi imekutwa na hayo, sisi tunaoanza tujifunze kwao bila kulipa gharama ileile.

Nakiri kwamba zipo dawa. Chumvi ya kawaida huoshwa kwa kuongeza maji. Kwa nyanya zinazomwagiliwa maji ya mikrosimensi 2,000, karibu sehemu moja ya tano ya maji yote inabidi ipite chini ya mizizi kusukuma chumvi. Udongo ulioharibiwa na sodiamu hutibiwa kwa jasi, ambayo hapa nchini inapatikana Itigi na Makanya. Lakini dawa hizi zina gharama. Kuongeza maji ni kuongeza dizeli au kupanua mitambo ya jua, na jasi ni kuinunua, kuisafirisha na kuichanganya na udongo, kisha kuiosha. Mkulima mdogo mwenye ekari moja hawezi kuyamudu hayo baada ya shamba kuharibika. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu ni chupa moja ya maji isiyopelekwa maabara.

Hoja ninayoisikia mara kwa mara ni gharama ya vipimo. Wanasema kwamba tukipima kila kisima kwa madini yote hayo, mradi utachelewa na fedha zitapungua. Nauliza: gharama ya kupima chupa moja ya maji ni sehemu gani ya gharama ya kuleta mitambo, kuchimba mita mia na zaidi, kununua pampu na kujenga tangi? Mwenye kujenga nyumba ya matofali hasemi kamba ya kupimia ni ghali. Na anayebaki na hasara si mradi, ambao umeshaandika kwamba kisima kimekamilika. Anayebaki na hasara ni mama mwenye deni na ekari iliyoota unga mweupe.

Kwa sababu hizo, naomba wahusika katika Wizara ya Maji, Wizara ya Kilimo, Tume ya Taifa ya Umwagiliaji, ofisi za mabonde na halmashauri zetu wayatazame mapendekezo haya ya mwalimu wa kijijini.

La kwanza, kisima chochote cha umwagiliaji kisikabidhiwe kwa wakulima mpaka maji yake yamepimwa kwa matumizi ya kilimo, na udongo wa mahali patakapolimwa umepimwa pamoja nayo. Maabara za ubora wa maji za Wizara ya Maji zipo. Maabara ya udongo ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo ipo Morogoro, na kituo cha utafiti wa udongo kipo Mlingano, Tanga. Hatuombi kitu kisichokuwapo nchini.

La pili, majibu yaandikwe kwa Kiswahili chepesi, katika ukurasa mmoja. Yaseme: maji haya yana kiasi hiki cha chumvi, yanafaa mazao haya, hayafai mazao haya, na udongo wenu utunzwe hivi. Karatasi hiyo isomwe katika mkutano mkuu wa kijiji na kubandikwa kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji. Ripoti iliyofungiwa kabatini wilayani, kwa lugha ya kigeni, haimsaidii mwenye jembe.

La tatu, kupima kusiwe mara moja tu. Maji ya kisima hubadilika. Yakivutwa sana, huweza kuyaita maji ya chumvi kutoka pembeni au chini zaidi, kama wanavyofahamu wenzetu wa pwani wenye visima vilivyo karibu na bahari. Naomba kila kisima cha kilimo kipimwe upya kila mwaka mwishoni mwa kiangazi, mwezi wa Oktoba au Novemba, kabla ya mvua, kwa kuwa huo ndio wakati wa ubaya wake. Namba ziandikwe katika daftari la kikundi. Zikianza kupanda mwaka hadi mwaka, watu wachukue hatua mapema.

La nne, kila bwana shamba wa kata apewe kile kifaa cha mkononi cha kupimia upitishaji umeme. Ni kifaa cha kutia mfukoni. Hakimalizi kazi ya maabara, lakini kinatosha kumwambia mkulima kama pana jambo la kuuliza.

La tano, nalo linatuhusu sisi walimu, shule za msingi zisaidie. Tusingoje kila kitu kifanywe na Serikali. Liko jaribio ambalo darasa lolote linaweza kulifanya bila senti. Pandeni maharage katika makopo yenye udongo wa aina moja. Makopo ya kundi moja myamwagilie maji ya mvua yaliyohifadhiwa, na ya kundi la pili maji ya kisima. Makopo yawe na matundu chini, na yote yapate maji kiasi kilekile. Baada ya wiki kadhaa maharage yenyewe yatatoa ushahidi, kwa sababu ni zao lisiloweza kuficha chumvi. Jaribio la pili ni la udongo. Chukueni madonge madogo makavu ya udongo wa shambani, ukubwa wa punje ya njegere, myaweke taratibu ndani ya glasi ya maji ya mvua bila kuyatikisa. Dongo likizungukwa na wingu la tope kama maziwa, na maji yakabaki hivyo hata kesho yake, mshukuni sodiamu na mwombe vipimo. Nimeyafanya majaribio haya na wanafunzi, na wamekwenda kuwaeleza wazazi wao jioni bila kutumwa.

Na kwa wakulima wenzangu ambao kisima chao hakijapimwa, nina neno moja. Msingoje barua. Endesheni pampu kwa muda ili maji yaliyolala ndani ya bomba yatoke. Chukueni chupa safi, isuuzeni mara tatu kwa maji yaleyale ya kisima, ijazeni mpaka juu, ifungeni, na iandikeni jina la kisima na tarehe. Mwenye safari ya mjini aifikishe maabara mapema, tena aseme wazi kwamba maji haya ni ya kumwagilia, siyo ya kunywa tu. Msipolisema hilo mtaletewa cheti cha kunywa, na mtakuwa pale pale.

Nchi hii ilitangaza Siasa ni Kilimo pale Iringa mwaka 1972, ikatangaza tena Kilimo Kwanza mwaka 2009. Matangazo yote hayo yalitaka mkulima aache kutegemea mvua na bahati. Kisima kisichopimwa kinamwondolea mkulima bahati nasibu ya mvua na kumpa bahati nasibu nyingine iliyo chini ya ardhi. Tena hii ya pili ni mbaya zaidi, kwa sababu mwaka wa ukame hupita na shamba likabaki, bali shamba lililoharibiwa na sodiamu halirudi kwa mvua ya mwaka mmoja.

Natumaini wahusika watalishughulikia jambo hili kabla ya kiangazi kijacho, maana mbegu za vitunguu zimeshaanza kuuzwa gulioni.



Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Wilaya ya Bahi,
Dodoma.